Jibu Nitakupa Nikitoka Pangoni

Ólafsfjörður, 19 Januari

Mwanangu Eydís,

Hujambo mama? Hujambo na baridi ya huko Aarhus, ambayo kwenu ni baridi na kwetu ni siku nzuri ya kuanika nguo? Mimi sijambo. Goti la kushoto linanung'unika, lakini hilo nalo halina jipya. Theluji imefika dirisha la jikoni, na jirani amenichimbia njia ya kufika kwenye gari bila hata kuombwa.

Nakuandikia barua pepe kwa sababu kwenye simu tunashindwa. Juzi ulipokata (au ni mimi niliyekata?) nilikaa na kikombe mkononi mpaka kahawa ikawa maji ya mtoni. Wewe unasema neno, mimi nadaka jingine, mwisho tunabaki kuulizana nani kaanza. Basi tuandikiane mpaka jambo hili liishe. Simu tuiachie dharura.

Nimekusikia. Umenipatia ghorofa mitaa miwili kutoka kwako, lina lifti, lina jua asubuhi, na unataka niuze nyumba nihamie Denmark kabla ya majira ya joto. Sijasema hapana. Ninachosema ni kwamba jibu nitakupa nikirudi safari.

Safari gani? Kaa chini kwanza.

Unajua tangu niache kufundisha kuogelea nilijiunga na chama cha wapiga picha cha Akureyri. Ulidhani ni chama cha kunywa kahawa, na kusema kweli mpaka Krismasi kilikuwa hicho. Mwezi ujao tunakwenda kupiga picha pwani ya mashariki, kisha kusini mpaka kwenye mapango ya barafu. Wiki nzima, kwa basi dogo. Kiongozi wetu ni Torfi, ambaye amezunguka pwani hizo tangu nywele zake zilipokuwepo. Chumba nitalala na Sæunn wa duka la maua. Yupo pia Ketill, daktari wa meno, mwenye lenzi kubwa kama ndoo ya kukamulia. Huyo ukimuuliza habari za asubuhi anakujibu habari za lenzi.

Jumamosi tuliitanguliza hapa ukumbini karamu ya Þorri, ile ya majira ya baridi yenye vyakula vya kizamani. Nilikula kichwa cha kondoo na nyama zote za kuchacha, ila papa aliyeozeshwa nilimpisha. Nilimwambia mhudumu tumbo langu limestaafu pamoja nami.

Msalimu Anders.

Mama yako,
Gunnvör


Aarhus, 22 Januari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, kazi tele pale duka la dawa, nusu ya mji inakohoa. Anders hajambo, anakusalimu.

Mama, barua yako niliisoma nimesimama, maana ulisema nikae nikajua kuna balaa. Una miaka sitini na tisa. Una goti bovu. Tangu uzaliwe, safari zako za majira ya baridi zimekuwa za kwenda bwawani na kurudi. Sasa unataka kupanda basi dogo, kuvuka nyanda za juu mwezi wa Februari, kusimama kwenye ufukwe wenye mawimbi yanayozoa watu, na kisha kuingia chini ya barafu? Mapango yale huwa yanaanguka, Mama. Tunasoma magazeti hata huku.

Sikukatazi. Ila Baba asingekuruhusu, na unajua hivyo.

Kuhusu ghorofa: mwenye nyumba anataka jibu, wapo wengine wanaolitaka. Siwezi kumwambia mama yangu atajibu akishamaliza kupiga picha mawe. Ukianguka huko Ólafsfjörður, nani atakuokota? Jirani wa kuchimba theluji? Nikiwa hapa nafika kwako kwa miguu kabla chai haijapoa. Nataka hilo tu.

Nakuomba ufikirie tena.

Mwanao,
Eydís


Djúpivogur, 3 Februari

Mwanangu Eydís,

Salamu kutoka pwani ya mashariki. Natumaini kikohozi cha mji hakijakupata wewe. Mimi nina afya, nimeshiba, na nimelowa mpaka mahali ambapo mama hamwandikii binti yake.

Kwanza tumalize la baba yako. Hörður asingeniruhusu, kweli. Angesema hapana, angezunguka nyumba mara tatu akigusa swichi za umeme kama desturi yake, kisha angerudi kuuliza kama kuna nafasi ya mtu wa pili. Wewe unamkumbuka mpaka pale kwenye hapana. Mimi nilikuwepo mpaka mwisho.

Sasa sikiliza. Kule juu nyanda hazikuonekana. Barabara nyeupe, mbingu nyeupe, na vile vijiti vya njano vya pembeni vinakuja kimoja kimoja kama watu wanaotoka kanisani. Sæunn aliimba njia nzima. Torfi akamwambia, "Sæunn, dereva anahitaji kusikia injini." Sæunn akamjibu, "Injini nayo inahitaji kutiwa moyo."

Leo asubuhi tumekuta kulungu wa theluji wameshuka ufukweni kula mwani. Mwanangu, wamesimama kwenye mchanga mweusi, theluji mgongoni, mawimbi yanavunjika nyuma yao, na kila wakipumua unatoka mvuke. Nilitoka mbio kwenye basi lenye joto nikaanza kubonyeza. Nikabonyeza mpaka kidole kikafa ganzi. Torfi akaja kutazama.

"Gunnvör, huu ni ukungu?"

"Ni kulungu."

"Naona ukungu."

Kumbe kwa kuhema kwangu pumzi ilikuwa imeganda kwenye kioo cha kamera. Nilipokwisha kukifuta, kulungu walikuwa wamechoka kutazamwa, wakageuka. Kwa hiyo nina picha nyingi safi za makalio ya kulungu. Ketill ameziona akacheka mpaka ndoo yake ikatikisika. Nikamwambia, "Cheka, daktari, lakini hayo makalio yako wazi, yanahesabika unyoya kwa unyoya." Akatazama tena, akasema ni kweli.

Nimefurahi, Eydís. Sijui nikuelezeeje. Tangu baba yako afariki nilikuwa naamka asubuhi na kujiuliza siku nitaifanya nini. Huku naamka nikiwa nimechelewa tayari.

Jambo moja. Uliandika kwamba Anders ananisalimu. Anders hajawahi kutuma salamu tangu akuoe. Huwa anakupokonya simu na kunitania mwenyewe kwa Kiaislandi chake cha kuvunja meno. Kuna nini?

Mama yako


Aarhus, 4 Februari

Mama,

Shikamoo. Nafurahi umefurahi. Picha za kulungu ulizoambatisha nimeziona, kweli ni safi.

Huku hakuna kitu. Kazi tu.

Nimeona utabiri wa hewa wa kwetu: kusini-mashariki wameweka onyo jekundu kuanzia kesho. Mmeliona? Tafadhali msiende ufukweni, na msithubutu kwenda pangoni. Nijibu hata kwa neno moja.

Mwanao,
Eydís


Aarhus, 6 Februari

Mama,

Umelala wapi? Nimepiga simu yako tangu jana, haiiti kabisa. Nilipiga hoteli ya Höfn kabla laini yao haijakatika, wakasema kundi lenu halikufika. Nimepiga kikosi cha uokoaji, kijana mmoja mpole ameniambia barabara imefungwa pande zote mbili, umeme umekatika, minara ya simu imezimika, na hakuna basi lililoripotiwa kupotea. Nikamuuliza, "Lisiporipotiwa maana yake halijapotea?" Akasema, "Maana yake tusubiri."

Nasubiri.

Eydís


Aarhus, 8 Februari

Mama yangu,

Bado kimya. Sijui kama barua hizi zinafika popote, labda zimejipanga mahali zikingoja umeme kama mimi. Naandika kwa sababu nikiacha kuandika nitaanza kutembea humu ndani tena, na jirani wa chini ameshagonga dari.

Nakuambia sasa, maana usiporudi sitajisamehe kwa kutokukuambia.

Anders aliondoka kabla ya Krismasi. Hakuna mwanamke mwingine, wala hatukupigana. Alisema anaishi nami kama mtu anayesubiri treni, na ni kweli, sote wawili tulikuwa tunasubiri. Ile salamu niliitunga.

Na nina mimba. Nilijua wiki moja baada ya yeye kuhamisha vitu vyake. Mtoto atazaliwa Juni.

Ghorofa lile, Mama, lifti ile, jua lile la asubuhi, sikulitafuta kwa ajili ya goti lako. Nilitaka uwe karibu yangu. Nilishindwa kusema naogopa, nikasema wewe umezeeka.

Rudi. Nikemee. Nipigie simu tugombane. Chochote.

Eydís wako


Suðursveit, 9 Februari

Eydís, mwanangu, mboni yangu,

Nipo hai. Naanza na hilo. Nipo hai, nimekaa jikoni kwa watu wema, na naandika kwa mkono mmoja kwenye kompyuta ya Sæunn, kwa hiyo usihesabu makosa. Umeme umerudi asubuhi hii, na barua zako zote zimeingia kwa mkupuo.

Ile ya mwisho nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa na hasira na Anders. Mara ya pili sikumwona Anders kabisa, nilikuona wewe unatembea humo ndani peke yako na tumbo lako. Sæunn akaniuliza, "Nini tena?" Nikamwambia, "Nitakuwa bibi." Akasema, "Sasa mbona unalia?" Akaniletea kipande cha mkate na siagi na samaki mkavu, maana Sæunn anaamini hakuna jambo ambalo samaki mkavu hawezi kulifikia.

Nitalirudia hilo. Acha kwanza nikueleze yaliyotupata, ili usiyapate kwa mtu mwingine yakiwa yameongezwa chumvi.

Tarehe tano asubuhi hewa ilikuwa bado nzuri. Torfi alisema tufike mara moja ufukweni kwenye barafu, halafu tukimbilie Höfn kabla ya tufani. Unapajua, pale ambapo bahari inatupa nje vipande vya barafu vilivyotoka ziwani. Vimelala kwenye mchanga mweusi, vingine kama ngumi, vingine kama gari, na jua la chini likipita ndani yake vinawaka. Torfi alituambia mara tatu, usiipe bahari mgongo. Ketill hakuipa mgongo. Alifanya baya zaidi: aliipa jicho moja, na jicho hilo liko ndani ya lenzi. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya kipande kimoja cha buluu, anahema kama mchumba.

Mimi nilikuwa juu kidogo, napumzisha goti. Nikaona bahari inarudi nyuma. Ikarudi sana, Eydís, mawe yakawa yanavingirika kuifuata. Nikajua.

"KETILL! TOKA MAJINI! SASA HIVI!"

Ile sauti. Ile niliyokuwa nawatolea watoto wanaokimbia kando ya bwawa. Sikujua kama bado ninayo. Mwanamume yule, daktari mzima, akaruka kama mtoto wa darasa la tatu, akakimbia bila kuuliza. Nami, badala ya kukaa pale nilipo, nikakimbia chini kumfuata, sijui nilitaka kumfanya nini. Wimbi likatukuta katikati. Lilinipata magotini, nikakaa chini majini, na kipande cha barafu kama kondoo kikaja kikanigonga mkono wa kulia. Ketill alinishika koti kwa nyuma, Torfi akatushika wote wawili, tukaburutana mpaka kwenye nyasi.

Tulipogeuka, stendi ya kamera ya Ketill hakuna, kamera yake hakuna, mkoba wake hakuna. Na simu yangu iko njiani kwenda Norwe.

"Gunnvör," Ketill akasema, meno yanagongana, "umeniokoa."

"Na lenzi lako?"

"Liende." Kisha akaanza kulia, na mimi nikaanza kulia, na Sæunn aliyekuwa amefika anakimbia akatukemea wote kwamba tutaganda machozi.

Hatukuweza kufika Höfn. Upepo ulianza kulisukuma basi pembeni, Torfi akakata kona kwenye shamba la kwanza lenye taa. Ni la Þorlákur na mke wake Bera. Hawakuuliza majina mpaka tulipokuwa tumeshavaa sweta zao. Bera ni nesi mstaafu, akanifunga mkono kwa ubao na kitambaa. Tufani ikapiga. Nyumba ilikuwa inanguruma, kondoo wamehamishiwa ndani kabisa ya zizi, sisi tumebanana jikoni kwenye jiko la kuni, tunakula supu ya nyama na kucheza karata. Jana barabara ilifunguliwa upande mmoja, Torfi akanipeleka zahanati Höfn, wakaniwekea plasta ngumu ya kushika mfupa. Mfupa umepasuka, haukuvunjika. Simu za huko nazo zilikuwa zimekufa, nilijaribu. Nisamehe. Nilijua unahangaika, ila sikujua unahangaika peke yako.

Sasa wewe.

Sikukemei. Ulitaka mama, ukaona haya kuomba mama. Kwa hilo nani akukemee? Ila usinitungie salamu tena. Nikiuliza kuna nini, niambie kuna nini, hata kama ni kwa neno moja.

Unakula? Umeonana na mkunga? Unalala upande upi? Anders anajua kuhusu mtoto?

Na jambo la mwisho, maana nimeapa kutokukuficha kitu ili nawe usinifiche. Baridi imerudi, mvua imekatika, na binti wa Bera, Steinvör, ambaye ndiye anayepeleka watu pangoni, amekwenda kulikagua. Akisema ni salama, kesho kutwa tunakwenda. Nataka kwenda. Ukinikataza nitabaki, na sitakununia.

Mama yako anayekupenda,
Gunnvör


Aarhus, 9 Februari

Mama!

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Nimeisoma barua yako kazini, kwenye chumba cha stoo, nikalia juu ya maboksi ya dawa ya kikohozi. Bosi wangu aliingia, akatoka, akarudi na glasi ya maji. Hakuuliza kitu. Wadenmark wana mazuri yao.

Nakula. Mkunga nimemwona mara mbili, kila kitu kizuri, anasema mtoto anacheza kama anajifunza kuogelea. Nalala upande wa kushoto. Anders nimemwambia jana, baada ya kukuandikia wewe, maana nilipokuandikia niliona dunia haikuanguka. Alisema atakuwa baba, hata kama si mume. Nilimwamini. Ni mtu mwema, Mama, usimchukie. Tuliishi vibaya bila mmoja wetu kuwa mbaya.

Najua unajiuliza kwa nini sikusema. Ulilia siku ya harusi yangu, na kila mtu alidhani ni furaha, lakini mimi nilijua unalia kwa sababu naondoka. Nilipoachwa nikaona kama nimekuliza bure.

Goti lako na mkono wako sasa vinalingana. Ketill mwambie nitamtumia barua ya kumtukana.

Kuhusu pango. Nimekaa nalo mchana kutwa. Nilitaka kuandika hapana. Niliandika, nikafuta. Nenda, Mama. Vaa helmeti. Fanya anachosema Steinvör, na akisema tokeni, toka wewe wa kwanza. Kisha niambie kulikuwaje, usiache kitu.

Mwanao,
Eydís


Ólafsfjörður, 13 Februari

Mwanangu Eydís,

Habari za asubuhi, za tumbo, za huyo mwogeleaji. Nimefika nyumbani salama. Jirani ameendelea kuchimba, na mama mwenye duka amenitilia maandazi ya kukaanga kwenye mfuko kwa sababu ya mkono. Habari zimefika mji mzima kabla yangu. Pale bwawani wananiita Mwokozi wa Meno.

Pangoni nimekwenda. Ulisema nisiache kitu, basi.

Steinvör ni msichana wa maneno machache. Alitufunga vyuma vya meno chini ya viatu, akatupa helmeti, akasema, "Nikisema twende, hakuna picha ya mwisho." Tukapanda kwa miguu juu ya kokoto na barafu kwa muda mrefu. Mimi nilishikwa kwapa na Sæunn upande mmoja na Ketill upande mwingine, kama bibi harusi anayejaribu kutoroka. Mdomo wa pango ni mdogo, unaingia umeinama. Ukiinuka, umekwisha kuwa mahali pengine.

Nilidhani buluu naijua. Nimetazama maji ya bwawa maisha yangu yote. Ile, mwanangu, si rangi iliyopakwa juu ya kitu. Inatoka ndani. Dari lote limejaa vishimo laini, kama mtu amekandakanda kwa vidole, na kila kishimo kina mwanga wake. Katikati inapita mistari myeusi ya majivu ya volkano, kutoka milipuko ambayo hata bibi wa bibi yangu hakuiona. Na chini ya miguu kuna maji yanapita, huyaoni, unayasikia tu, yanaongea pole pole na hayanyamazi.

Steinvör alikuwa amechora mstari kwa rangi nyekundu. Upande wa pili wa mstari kulikuwa na chumba kingine, kizuri zaidi, kinang'aa. Torfi akanyoosha shingo. "Dakika moja tu, Steinvör?" Akasema hapana. "Nusu?" Akasema, "Torfi, nimesikia dari la kule likilia jana. Piga picha za hapa." Tukapiga za hapa, na za hapa zilitosha.

Nikawa na shida yangu. Kamera ninayo, mkono sina. Nikajaribu kwa kushoto, inatikisika. Ketill, ambaye hana kamera wala lenzi wala chochote, akaja akasimama mbele yangu akapiga goti. "Weka begani," akasema. "Kwa wiki hii mimi ni stendi yako." Basi nikaiweka kamera begani kwa daktari wa meno. "Usipumue, Ketill." "Kwa muda gani?" "Nitakwambia." Akawa mwekundu kwanza, kisha akawa karibu na rangi ya pango. Hivyo ndivyo nilivyopiga picha zangu. Nyingine zimeharibika kwa sababu tulikuwa tunacheka. Mbili ni nzuri. Torfi alizitazama muda mrefu, akaniambia zitaingia kwenye maonyesho ya chama majira ya kuchipua, na hakutania.

Walipokuwa wanafungasha nilikaa juu ya jiwe nikakufikiria. Torfi alikuwa ametuambia pango lile ni la msimu huu tu. Joto likija linayeyuka, na baridi ijayo maji yatakuwa yamechimba jingine mahali pengine. Nilikuwa nimejiandaa kukuandikia barua ngumu, Eydís. Nilikuwa nimekwenda na jibu lake mfukoni: siuzi, sihami, niache. Nikiwa pale nikaona lile jibu lilikuwa la swali ambalo wewe hukuuliza.

Kwa hiyo jibu langu hili hapa. Nyumba siiuzi. Mimi nina kazi huku, hii ya picha, sasa nimeipata. Lakini mwezi wa Aprili nakuja kwako, goti, plasta na yote, nikae mpaka umejifungua na umejifunza kulala tena. Kisha tutaona. Sitaki ghorofa. Nitalala kwenye kochi lako, na Wadenmark watanizoea.

Nakutumia picha moja ambayo si yangu, Sæunn ndiye aliyenipiga.

Mama yako,
Gunnvör


Aarhus, 20 Februari

Mama,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nafanya kitu, na sikutaka kukuambia kabla sijakimaliza.

Ni kuhusu ile picha. Umesimama kwenye ile buluu, helmeti imekwenda upande, plasta imeandikwa majina ya watu nisiowajua, na unacheka mdomo wazi kabisa. Nyuma yako kuna mtu mwenye uso mwekundu amejishika magoti anatafuta pumzi, nadhani ndiye Ketill. Niliiweka juu ya meza nikala chakula cha jioni nayo. Sijakuona ukicheka hivyo tangu Baba afariki. Nikamtazama yule mwanamke, nikajiambia, na huyu ndiye nilitaka kumwingiza kwenye lifti.

Mama, usije Aprili. Nakuja mimi.

Nimezungumza na kazini, wamenipa likizo ya uzazi mapema kwa kuunganisha na siku zangu zote. Duka la dawa la Akureyri wamenijibu kwamba kuanzia mwakani wanahitaji mtu. Anders tumekaa naye, tumezungumza vizuri kuliko mwaka mzima uliopita. Atakuja Juni, atapanga chumba karibu, na baadaye tutagawana likizo na safari. Ilimuuma. Iliniuma na mimi. Lakini alisema mtoto wa kuzaliwa kati ya milima si mtoto wa kuhurumiwa.

Nataka kujifungulia Akureyri, na nikitoka hospitali nataka kupita lile handaki la barabara chini ya mlima na kutokea upande wetu. Sijui kama itakuwa kwa mwaka mmoja au milele. Najua tu kwamba nilipoandika sentensi hiyo nimevuta pumzi mpaka chini.

Ila sijakuuliza. Umeanza maisha yako, una chama chako, una maonyesho. Mtoto analia, mtoto anaharibu. Unanitaka?

Mwanao,
Eydís


Ólafsfjörður, 20 Februari

Eydís,

Swali gani hilo?

Chumba chako nimekifungulia dirisha tangu niliposoma mstari wa kwanza, na sasa kuna theluji kitandani. Nitaitoa.

Usipande ndege na mizigo yako yote. Chukua ile meli ya magari, mpaka Seyðisfjörður. Nitakuja kukupokea. Sæunn ataendesha, maana mkono huu bado, na Ketill anasema naye anakuja kubeba masanduku. Nimemwambia mizigo ya mtoto ni mizito kuliko lenzi. Ameanza mazoezi.

Vaa vizuri sitahani. Kula kabla bahari haijachafuka.

Mama


Melini, Aprili

Mama,

Shikamoo. Barua hii nitaituma tukikaribia nchi, simu ikishika mtandao, kwa hiyo labda utaisoma ukiwa umesimama gatini na Sæunn anakuambia uweke simu chini.

Bahari ilichafuka baada ya visiwa vya Faroe. Nilikula kabla, kama ulivyosema, na nikajuta kama ulivyosahau kusema. Mtoto alilala muda wote. Mabaharia wamenipenda, mpishi ananiletea viazi vya kuchemsha na kuniita nahodha.

Nimetoka sitahani tangu kulipopambazuka. Hapo mwanzo kulikuwa na ukanda mweupe tu mbali, nikadhani ni mawingu. Kisha mawingu yakawa na kona. Sasa milima ya mashariki yote iko mbele yangu, theluji imeshuka mpaka majini, na maji chini yake ni meusi kama wino. Nimepiga picha kwa simu, imetoka imepinda, utaicheka. Sijali. Nilisahau, Mama. Nilikuwa nawaambia watu kule Aarhus kwamba kwetu ni pazuri, nilikuwa nalisema kama anwani.

Mama mmoja wa Kidenmark amesimama kando yangu na darubini yake. Ameniuliza kwa upole, "Unakwenda kutembea?"

Nikamwambia, "Hapana. Nakwenda kujifungua."

Maskini akageuka mweupe, akaanza kuita watu, amedhani ni hapa hapa. Imebidi nimkalishe mimi, nimpe maji mimi, nimshike mkono mpaka akatulia. Sasa hataki kuondoka karibu yangu. Anasema atanisindikiza mpaka anikabidhi kwa mama yangu yeye mwenyewe.

Tumeingia kwenye ghuba. Naona nyumba, naona kanisa la buluu, naona gati na watu wadogo wadogo juu yake. Kengele imepigwa, wanatuambia tujiandae kushuka.

Nashuka.

Mwanao,
Eydís